Kufuli la Mlango wa Nyuma

Mlango wa nyuma wa gesti ninayofanyia kazi, hapa Mji Mkongwe, Unguja, ulitiwa kufuli kwa miaka saba. Ufunguo alikuwa nao mlinzi, na usiku mlinzi hukaa mbele, barazani. Siku moja nilimwambia tajiri wangu kwamba watu ishirini na wawili wanalala juu na ngazi ya kushukia ni moja. Ni kijana mcha Mungu, hakosi sala ya alfajiri msikitini. Akanijibu kwa upole: "Mama, kila usiku wa Ijumaa tunasoma Yasini humu. Mungu ndiye mlinzi."

Sikuwa na neno la kumrudishia. Yasini naisoma mimi pia.

Agosti 2025, mechi za soka za CHAN zilipochezwa uwanja wa Amaan, vyumba vyetu vilijaa mpaka tukatandika magodoro ya ziada ukumbini. Magharibi, kama ada yetu, tulifukiza udi. Nilipopita baada ya isha nilikuta chetezo kimesahauliwa chini ya kitanda, makaa bado mekundu, na pindo la chandarua limening'inia juu yake kiasi cha shubiri moja. Dari ya nyumba hii ni ya boriti. Madirisha yana nondo. Kichochoro chetu hakipitishi gari, seuze gari la zimamoto. Nilikikamata chetezo kwa kanga, nikakimwagia maji, kisha nikakaa kitako sakafuni, miguu imeniisha nguvu.

Usiku ule nilimkumbuka ami yangu. Alikwenda kuhiji mwaka 1997 na alikuwa Mina tarehe 15 Aprili, moto wa majiko ya gesi ulipopamba na upepo mkali ukautembeza katika mahema ya kitambaa. Mahema yapatayo 70,000 yaliteketea. Mahujaji 343 walifariki, wengi wao wa kutoka Bara Hindi, na zaidi ya 1,500 walijeruhiwa. Ami alisema alikimbilia mlimani na ihramu yake tu, na kila alipogeuka aliona pale alipokuwapo punde hivi pamekuwa moshi. Tangu aliporudi, akilala nyumba ya mtu, kwanza huuliza mlango unafunguliwaje kutoka ndani.

Wale 343 walikuwa wageni wa Mwenyezi Mungu, wamevaa sanda zao, midomo ikitamka labeka. Kama dua peke yake ingetosha kuzuia moto, basi usingewaka Mina. Baada ya msiba ule majiko ya gesi yalipigwa marufuku mahemani, na mahema yenyewe yakabadilishwa yakawa ya nyuzi za kioo zilizopakwa dawa isiyoshika moto, na mabomba ya kunyunyiza maji juu yake. Sijasikia aliyesema kwamba kufanya hivyo ni kumtilia shaka Mola.

Najua hoja ya tajiri wangu ina mizizi. Ajali imeandikwa, haisogei mbele wala nyuma, na mimi naamini hivyo. Lakini kilichoandikwa hatukukisoma. Tulichosoma ni tulichoamrishwa. Nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake wamo ndani. Mtume (S.A.W.) alipopata habari aliwaambia watu kwamba moto ni adui yao, wauzime kabla ya kulala. Na katika hadithi nyingine akataja hata panya, kwamba huweza kuuburura utambi wa taa akawaunguzia watu nyumba. Ninapoifikiria hadithi hiyo moyo hunijaa. Mjumbe wa Mola wa walimwengu aliona panya na utambi ni jambo la kuusia umma wake. Na Sayyidna Umar alipowarudisha watu njiani wasiingie Shamu kwenye tauni, aliulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu. Jibu lake lilikuwa kwamba anatoka kwenye kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Mlango ulio wazi nao ni kadari.

Mwenzangu wa jikoni, Mkristo wa kutoka Songea, alinionyesha katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kwamba ajengaye nyumba mpya ameamrishwa aweke ukingo juu ya dari yake, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Tuliisoma pamoja mara mbili, bamia zikichemka.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Wageni watakuja tena, na magodoro yatatandikwa tena. Mgeni akifika hutupa pasipoti yake tuiandike, kisha hulala usingizi wa mtu asiyejua ngazi iko upande gani. Usingizi ule ni amana, na aliyekabidhiwa ni sisi. Ukiiacha amana nyuma ya kufuli kisha ukamwambia Mungu ailinde, umemrudishia kazi aliyokupa wewe.

Hayo ndiyo niliyomwambia tajiri wangu, na kisa cha chetezo nikamweleza, ambacho nilikuwa nimemficha. Alinyamaza kitambo. "Mama," akasema, "mbona hukuniambia usiku ule ule?" Lawama ile niliistahili, nikamwomba radhi. Wiki iliyofuata alileta fundi, kufuli likang'olewa, likawekwa komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo.

Sasa kila usiku napanda juu, nahesabu vichwa, nakitia maji chetezo, nateremka nyuma na kulivuta komeo nione kama linakwenda. Ndipo nasoma Ayatul Kursi. Zamani nilikuwa nikiisoma kitandani, bila kwenda kokote.