Kazi Iliyofungwa Ndani ya Shokapu

Hivi, kazi ambayo hakuna atakayeiona ina haja gani ya kuwa nzuri? Swali ni la zamani. Katika kitabu cha pili cha Jamhuri ya Plato, Glaukoni anasimulia habari za mchungaji wa Lidia aliyeokota pete ya kumfanya asionekane, ile tunayoiita pete ya Gyges. Alipogundua inavyofanya kazi, akalala na malkia, akamuua mfalme, akatwaa kiti. Glaukoni anasema: mpe mtu mwema pete kama hiyo na mwovu mpe yake, utawaona wote wawili wanashika njia moja. Chuoni nilisoma mfano huu kwa ajili ya mtihani, basi. Ulikuja kunikaba kooni Gerezani, mbele ya benchi la fundi, shokapu ya nyuma ya Yamaha DT 175 ikiwa imebanwa kwenye jiliwa.

Pikipiki hiyo ya zamani ilikuwa ya baba mdogo, bwana mifugo aliyezunguka nayo vijijini miaka mingi. Sasa anaichukua binti yake, dada yangu, naye ni muuguzi na njia zake ni zilezile: vumbi, makorongo, na mawe yanayokaa pale ulipopanga kupita.

Watu wengi wanadhani shokapu ni ile springi. Springi ni nusu tu ya habari. Ingekuwa peke yake, pikipiki ingedunda kama kitanda cha gesti kila ikikanyaga shimo, na tairi linalodunda halishiki ardhi. Anayetuliza mambo amejificha ndani ya silinda: pistoni yenye vitundu, vimefunikwa na visahani vyembamba vya chuma, inalazimika kupita katikati ya oili. Oili inakataa kupita haraka, na nguvu ya mtikisiko inageuka joto. Ndiyo maana ukigusa shokapu baada ya njia mbaya unaweza kuunguza kidole. Oili ikichanganyika na hewa inatoa povu, na povu halimzuii mtu. Mfaransa Christian de Carbon alilitatua hilo kwa kuigandamiza oili kwa gesi. Baadaye Mbelgiji Lucien Tilkens akabuni mfumo wa shokapu moja badala ya mbili, Yamaha wakaununua, na mwaka 1973 Håkan Andersson akawa bingwa wa dunia wa motokrosi daraja la 250 akiwa juu yake. DT ya baba mdogo ni mjukuu wa pikipiki ile: shokapu moja ndefu, imelala chini ya tangi, ina naitrojeni ndani, na kiwandani hawakutaka ifunguliwe.

Yetu sili ilikuwa imekufa, oili imevuja, shafti ina vidoti vya kutu. Kijana wa pale karakana akatoa pendekezo lake bila hila yoyote, kama anayekuambia bei ya nyanya: tuweke oili nzito ya injini, tujaze upepo wa kompresa, tupige rangi nyeusi. “Nani atajua, kaka?”

Na kweli, nani angejua? Oili nzito inaifanya shokapu iwe ngumu, na mteja akibonyeza siti pale uwanjani anaona mambo safi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini hawakuwa wamekutana na shokapu. Humu kibaya kinakaa kimya kabisa mpaka kipate moto.

Hapo ndipo ninapoachana kidogo na Glaukoni. Pete yake inamficha mtu moja kwa moja. Sisi wengine tunafichwa kwa muda tu, na muda huo unatosha. Shafti yenye kutu inaikwangua sili mpya taratibu, oili inaanza kutoka, na siku moja kwenye mteremko gurudumu la nyuma linaanza kuruka ovyo. Fundi siku hiyo yuko Gerezani anakunywa chai. Anayeanguka hata sura yake haijui. Ubaya mwingi ninaoufahamu uko hivyo: hauhitaji mtu mwovu, unahitaji umbali kati ya mkono uliofanya na mwili utakaoumia. Katika kazi yangu ya habari umbali huo upo kila siku. Simu ambayo mwandishi hakuipiga kuthibitisha jina la mtu haionekani kwenye gazeti. Sentensi inasomeka vizuri vilevile.

Nilimweleza hayo mzee mwenye karakana, kwa lugha nyepesi kuliko hii. Akacheka. “Mwanangu, mteja anabonyeza siti. Sisi tunatengeneza hiyo kubonyeza.”

Sikupata jibu, na bado naona ana haki kwa sehemu kubwa. Tunapenda kumhubiria fundi uaminifu huku tukimlipa kwa kinachong'aa. Anayelipia rangi anamfundisha fundi kupaka rangi. Msomaji anayelipia kichwa cha habari, hivyohivyo. Kumwambia mtu mwenye ada za watoto awe mwema gizani kwa hasara yake mwenyewe ni rahisi sana ukiwa si wewe.

Kwa hiyo tulipatana bei nyingine, ya kazi ya ndani, na nikabaki nikiangalia. Shafti ikaenda kwa watu wanaopaka kromu ngumu kwenye fito za haidroliki za magreda. Sili na bushi mpya. Visahani vikasafishwa na kupangwa kwa mfuatano uleule, maana ukigeuza kimoja tu umebadilisha tabia ya pikipiki nzima. Oili nyepesi ikamiminwa polepole, pistoni ikipandishwa na kushushwa mpaka viputo vikaisha. Mzee alisubiri kiputo cha mwisho muda mrefu kuliko nilivyoona kuna haja, wala hakuwa ananionyesha mimi. Gesi tuliipata kwa fundi wa majokofu, ambaye ana mtungi wa naitrojeni wa kupimia mabomba kama yanavuja.

Kisha kila kitu kikafungwa. Rangi hatukupaka, ikabaki na michubuko yake ya zamani. Dada alipokuja kuichukua aliizunguka mara moja, akauliza kwa nini imegharimu hela yote ile na bado inaonekana kuukuu. Akabonyeza siti mara mbili.

“Mbona laini?” akasema.