Shukrani Isimzibe Mgonjwa Kinywa

Mtu aliyesafishwa damu kwa mashine miaka mingi huambiwa neno lile lile kila anapokutana na watu: shukuru Mungu, uko hai. Naye hushukuru kweli. Lakini usiku wa manane huamka mkono umekufa ganzi, akaukung'uta mpaka vidole vizinduke. Asubuhi kifungo cha shati kinamshinda. Bega nalo humuuma zaidi akilala chali, mashine ikiendelea na kazi. Akisema, anajibiwa kwamba ni uzee, au ameulalia mkono. Basi hunyamaza, asije akaonekana hana fadhila.

Mwaka 1975 madaktari Warren na Otieno waliandika katika jarida la Uingereza kuhusu wagonjwa wa namna hii, ambao mshipa wa fahamu ulikuwa umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Mwaka 1985 Fumitake Gejyo na wenzake wa Niigata, Japani, wakakitambua kinachorundikana humo: protini ndogo iitwayo beta-2 maikroglobulini. Figo nzima huiondoa. Mashine, hasa zilizotumia vichujio vya zamani, huiacha nyingi mwilini. Miaka ikipita hujisokota nyuzi kwenye viungo na kano, viungo vikavimba na kuuma. Ndiyo amiloidosisi ya wanaosafishwa damu. Vichujio vya siku hizi vimeipunguza sana, ila havijaimaliza.

Wala si ajabu. Wiki ina saa 168, na figo hazilali hata moja. Mashine hufanya kazi saa 4, kwa kawaida mara 3 kwa wiki: jumla 12. Inaokoa maisha, nami naiheshimu kwa hilo, lakini anayeishi nayo muda mrefu ndiye wa kwanza kukiona kile isichokiweza. Tusipomsikiliza yeye tutamsikiliza nani?

Adhabu ya kaburi aijua maiti, walisema wahenga, nasi tumeigeuza methali hiyo kisingizio cha kutouliza. Huyu si maiti. Ana kinywa, na kuulizwa hali yake ni haki yake kama ilivyo haki yake kutibiwa.

Wewe unayemsindikiza mama au kaka hospitali, mwulize leo kama vidole vinakufa ganzi usiku, kisha umwambie daktari. Mshipa uliobanwa hufunguliwa kwa upasuaji mdogo. Ukicheleweshwa, nyama ya chini ya kidole gumba husinyaa, na nguvu za mkono huenda zisirudi.