Panya Wakizidi, Nani Alaumiwe?

Mwaka ambao panya hufukua mbegu za mahindi kabla hazijaota, maneno huanza kupita vijijini mwetu Bariadi: "Fulani amewatuma." Ndugu wasomaji, yafaa tujiulize: je, ni haki kumshtaki mtu kwa kazi ya mvua?

Tazameni Kilimanjaro. Huko juu, ambako usiku maji huganda, panya mwenye milia hukaa penye nyasi na vichaka. Nyasi zikomapo, naye hukoma. Baridi na chakula ndivyo vimwekeavyo mpaka.

Kwetu Usukumani mpaka ni ukame. Panya shamba aweza kuzaa watoto 10 na zaidi kwa mara moja. Lakini wale waliozaliwa mvua zikiisha hungoja; hawazai mpaka majani mabichi yachipue. Mvua za vuli zikiwa nyingi, hawangoji sana: huzaa mapema, na watoto wao huzaa, hata mwaka ufuatao wakawa jeshi. Wataalamu wa Chuo cha Sokoine, Morogoro, wamelichunguza jambo hili miaka mingi.

Na bundi, alaye panya hao usiku, twampiga mawe tukimwita ndege wa uchawi. Hivyo twamwua rafiki, twamshuku bibi jirani, na adui twamwachia ghala wazi.

Basi, vuli ikizidi, mwenye busara na afyeke kando ya shamba lake, na ghala alifunge vema. Kutojua si kosa. Bali kumhukumu mzee kwa macho mekundu ya moshi wa jikoni, bila kutaka kujua, hiyo ni dhuluma.