Kuhesabu Njia Zote

Je, yafaa mtoto mdogo afundishwe hesabu ya bahati?

Kila mwalimu ajua kumfundisha mtoto kuhesabu vitu vilivyo mbele ya macho yake: vidole, mawe, maharagi, kuku wa mama yake. Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza, na hakuna mtu anayeikataa. Lakini iko hesabu ya pili. Hiyo haihesabu vitu vilivyopo, bali yahesabu njia ambazo jambo laweza kutokea, kabla halijatokea. Wenye elimu waiita hesabu ya uwezekano; sisi tutasema tu hesabu ya bahati, kusudi kila mmoja aelewe. Swali letu ni hili: je, yafaa kuwafundisha hesabu hiyo watoto wa miaka sita, saba au minane? Na kama yafaa, yawasaidia akili tu, ama yawasaidia hata moyo?

Sisi twajibu: yafaa, na sababu iliyo kubwa ni haki. Mtu asiyezoea kuhesabu njia zote, siku ya taabu atamhukumu jirani yake bure. Tutaeleza polepole.

Hesabu yenyewe

Tuanze jikoni. Mama aweza kupika bukari ama wali. Na kitoweo chaweza kuwa sombe, maharagi ama samaki. Tumwulize mtoto: sahani za namna ngapi zaweza kutoka katika jiko hilo, kila sahani ikiwa na chakula kimoja na kitoweo kimoja? Mtoto mdogo atataja mbili, tatu, kisha atarudia alizokwisha kutaja. Tusimkemee. Tumpe vijiti viwili na mawe matatu, apange mwenyewe: bukari na sombe, bukari na maharagi, bukari na samaki, kisha wali pamoja na vile vitatu. Njia ni sita. Lakini hakujifunza namba sita tu. Amejifunza kwenda kwa taratibu, asisahau hata njia moja.

Kisha watoto wanne wasimame, kila mmoja ampe kila mwenzake mkono mara moja. Wa kwanza atoa mkono mara tatu, wa pili aongeza mara mbili, wa tatu mara moja. Wa nne amekwisha kusalimiwa na wote. Jumla ni 6. Wakiwa watano ni 10, wakiwa sita ni 15. Watoto hushangaa kuona jinsi mtoto mmoja tu anayeingia aongeza salamu nyingi. Darasa la watoto 30 lina salamu 435. Tuiweke namba hiyo akilini, maana tutairudia.

Mchezo wa tatu ni wa makopo mawili. Ndani ya kila kopo tutie haragi moja jekundu na haragi moja jeupe. Mtoto afumbe macho, atoe moja katika kila kopo, atazame, ayarudishe. Yaweza kutoka mekundu mawili, ama meupe mawili, ama moja la kila rangi. Tukiuliza ni lipi litakalotoka mara nyingi zaidi, wengi watajibu: mambo ni matatu, yote sawasawa. Basi wajaribu mara 40, na kila mara waandike alama. Wataona kwamba rangi mbili pamoja zatoka karibu mara 20, na mekundu mawili karibu mara 10 tu. Kwa nini? Kwa sababu njia si tatu, ni nne: jekundu na jekundu, jekundu na jeupe, jeupe na jekundu, jeupe na jeupe. Njia mbili za katikati zafanana machoni, lakini si njia moja.

Mwalimu akikosea hapo, asione haya. Jean le Rond d'Alembert, mtaalamu mkubwa wa hesabu wa Ufaransa, aliandika mwaka wa 1754 kwamba mtu akirusha sarafu mara mbili, bahati ya kuona upande alioutaka walau mara moja ni 2 juu ya 3. Jibu la kweli ni 3 juu ya 4. Miaka 100 kabla yake, mwaka wa 1654, Wafaransa wengine wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, walikuwa wameandikiana barua juu ya mchezo uliokatizwa kabla ya kwisha: fedha iliyowekwa igawanywe namna gani, kila mchezaji apate haki yake? Tuone basi: katika barua hizo, hesabu hii ilikua kwa kujibu swali la haki.

Mashaka ya wengine

Wa kwanza asema: watoto hao ni wadogo mno. Tutazame kazi ya wataalamu wawili wa Geneva, Jean Piaget na Bärbel Inhelder, waliotoa kitabu mwaka wa 1951 juu ya jambo hili hili. Waliweka shanga za rangi mbili katika sanduku, kila rangi upande wake, wakaliinamisha sanduku huku na huku, wakauliza watoto shanga zitakaa namna gani. Wadogo kabisa walidhani kwamba zitarudi kila moja mahali pake. Wakaona pia kwamba mtoto afikia kupanga njia zote kwa taratibu kamili, kwa akili yake mwenyewe, akiwa na miaka 11 au 12 hivi. Je, maana yake tungoje? Hapana. Mtoto hangoji kujua sarufi ndipo aanze kusema. Maana yake ni kwamba tusimpe mdogo kanuni za kukariri. Tumpe maharagi, mawe, na siku nyingi.

Wa pili asema: mtawafundisha watoto kucheza kamari. Neno hilo ni zito, sababu katika miji yetu vijana wengi hutia fedha katika pari ya mpira na michezo ya namba. Lakini ni nani anayedanganyika, mwenye kuhesabu ama asiyehesabu? Katika bahati nasibu ya kuchagua namba 6 kati ya 49, kama ile ya Ujerumani, njia za kuchagua ni 13.983.816. Mtu akijaribu njia moja mpya kila siku, atahitaji zaidi ya miaka 38.000 ili azimalize. Tena, katika mchezo wa makopo, haragi jeupe likitoka mara nne mfululizo katika kopo moja, watoto watapiga kelele: sasa ni zamu ya jekundu! Tuwaonyeshe kwamba haragi halina kumbukumbu. Njia zingali mbili, zote sawasawa. Hapo ndipo mcheza kamari apotezapo fedha ya nyumba yake, akidhani bahati inamdai. Mtoto aliyeyajua hayo mapema amepata kinga. Ila tushike sharti moja: tusicheze kwa fedha wala kwa kitu cho chote. Maharagi yarudi jikoni.

Wa tatu asema: mkitaja bahati, mwamwondoa Mungu. Mtakatifu Toma wa Akwino alikwisha kujibu shaka hilo katika karne ya 13. Bwana awatuma watumishi wawili mahali pamoja, wala hamwambii mmoja habari za mwenzake. Wakikutana njiani, kwao ni bahati. Kwa bwana wao si bahati. Basi neno bahati laonyesha mpaka wa ujuzi wetu sisi, halisemi kwamba hakuna ajuaye. Huyo huyo Toma aliandika juu ya kura, akazitenga namna tatu: kura ya kugawanya vitu, kura ya kuomba shauri, na kura ya kuagua. Ya kugawanya hakuiona kuwa dhambi. Ya kuagua aliikataza. Nasi twajua kwamba Mitume walipiga kura, na Mathia akachaguliwa. Hawakupiga kura ili kumtafuta mtu wa kumlaumu.

Makopo mawili na masingizio

Turudi sasa kwa ile namba 435. Tukifungua kitabu cha ubatizo na kusoma tarehe za kuzaliwa za watoto 30, je, wawili watakuwa na tarehe moja? Wengi husema: ni vigumu, kwa maana mwaka una siku 365. Lakini hapa hatuwahesabu watoto 30 tu. Twahesabu wawili wawili wote, nao ni 435. Hesabu yaonyesha kwamba katika madarasa kumi ya namna hiyo, karibu saba yatakuwa na wawili waliozaliwa tarehe moja. Watu watasema kuna siri kati ya watoto hao wawili. Hakuna siri, kuna wingi wa njia.

Sasa tutoke shuleni twende mtaani. Mtaa wa nyumba 40, tukizihesabu mbili mbili, ni 780. Katika majira ya mvua, wangapi hugombana juu ya mbuzi, juu ya deni, juu ya maji? Na watoto wangapi hushikwa na malaria? Ugomvi ni mwingi, homa ni nyingi. Kwa wingi huo, siku moja ugomvi na homa vitakutana katika nyumba moja. Ndipo mtu asema: Tuligombana Jumatatu, mtoto akaugua Alhamisi. Na jina la mtu latajwa. Mara nyingi ni jina la mjane mzee, ama la yatima anayelelewa na ndugu, sababu hao hawana wa kuwasemea.

Hapo mtoto aliyecheza mchezo wa makopo mawili anayo silaha. Ajua kwamba njia ni nne, si moja. Kuna nyumba zilizogombana, mtoto akaugua. Kuna zilizogombana, mtoto asiugue. Kuna zisizogombana na mtu, mtoto akaugua. Kuna zisizogombana, wala hakuna aliyeugua. Mwenye kusingizia ataja njia ya kwanza tu, na mfumu alipwa kwa kuitaja hiyo tu. Aliyefundishwa atauliza: Na zile tatu nyingine? Akizunguka mtaa mzima atawakuta watoto wa wagomvi wakicheza mpira, na watoto wa watu wa amani wakilala na homa. Basi kukutana kwa ugomvi na homa si ushuhuda. Hakimu mwenye haki hawezi kumhukumu mtu kwa neno hilo.

Wala tusidhani kwamba hesabu ya bahati yasema homa haina sababu. Malaria ina sababu yake, nayo ni mbu. Na dawa yake ipo dispanseri. Hesabu hii yaondoa sababu ya uongo, kusudi tuitafute upesi ile ya kweli, mtoto angali hai.

Jambo hili si dogo katika nchi yetu. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumsingizia mtoto ulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kulinda watoto yaweka adhabu. Sheria hizo ni njema. Lakini sheria hufika neno likiisha kusemwa, na pengine mtoto amekwisha kufukuzwa, alala sokoni chini ya meza. Tena mtoto akiambiwa kila siku kwamba yeye ni mlozi, mwisho aweza kuamini mwenyewe. Tunataka ajue kuhesabu njia nne kabla ya siku hiyo, kusudi asimtaje mwenzake, wala asikubali uongo juu ya nafsi yake.

Mtu aweza kusema: mama mwenye msiba hawezi kuhesabu. Ni kweli. Msibani si mahali pa kufundisha hesabu; hapo kazi yetu ni kuketi pamoja naye na kulia pamoja naye. Ndiyo sababu fundisho hili litangulie, litolewe siku za furaha, kwa watoto, kwa makopo na maharagi. Mti hunyoshwa ungali mchanga. Akili iliyozoea tangu utoto kuuliza juu ya njia zote, hata katika machozi haitasahau kabisa.

Basi, walimu na wazazi, kazi hii haidai fedha. Nusu saa kwa juma yatosha. Tuwaache watoto wabashiri kwanza, wajaribu, waandike, kisha wahesabu. Tusiseme jibu upesi. Anayeshinda mchezo asijivune, anayeshindwa asimlaumu mwenzake. Tuwaulize wote wawili wamefanya nini hata washinde ama washindwe, nao wataona kwamba hawakufanya neno. Na nyumbani, mtoto akisema: Ni kwa sababu ya fulani, tusimpige wala tusimcheke. Tumwulize tu: Mwanangu, njia zilikuwa ngapi? Nasi wakubwa tukubali kuulizwa vivyo hivyo naye.