Tone Jichoni mwa Kuku

Mwenyezi Mungu alipomuumba kuku, aliweka nyuma ya jicho lake tezi ndogo ambayo wengi wetu tunaomla hatujawahi kuisikia: tezi ya Harder. Tone moja la chanjo likitiwa jichoni hupenya mfereji mwembamba hadi puani, na tezi hiyo huanza kutengeneza kinga palepale kwenye lango la pumzi.

Adui anayesubiriwa langoni ni kideri. Vijijini Kisii na Nyamira, kina mama wenye kuku wa kienyeji migombani wanamjua: kuku hutweta, huharisha kijani, shingo hupinda, na banda huweza kubaki tupu kwa siku chache. Mwaka 1926 ugonjwa huu ulionekana Java na Newcastle, Uingereza. Kufikia 1935 ulikuwa umefika Kenya.

Sasa tazama ajabu hii. Kirusi kikali na kirusi kipole cha kideri ni ndugu, wakitofautiana hasa katika kipande kidogo cha protini moja. Kipole huamshwa na vimeng'enya vya njia ya hewa na utumbo, hivyo hukomea huko. Kikali huamshwa na vimeng'enya vya mwili mzima, kikafika hata ubongoni. Chanjo hai hutengenezwa kwa kile kipole, kikikuzwa ndani ya yai lenye kiinitete. Hapa kwetu taasisi ya serikali, KEVEVAPI, huzalisha chanjo hiyo.

Nani huthibitisha upole wake? Kifaranga. Katika kipimo kinachotumika duniani, vifaranga 10 wa siku moja hudungwa kirusi ubongoni na kuangaliwa siku 8. Mzima hupewa 0, mgonjwa 1, aliyekufa 2. Wastani ukifika 0.7, kirusi huhesabiwa kuwa kikali. Kwa kanuni za Ulaya, vifaranga hupewa pia dozi 10 kwa mpigo, kisha huchunguzwa siku 21.

Tumepewa mamlaka juu ya viumbe, na mamlaka hayo yana deni. Usalama wa kuku wako umelipiwa na uhai wa vifaranga wengine. Basi, ndugu mfugaji, nunua chanjo kwa mtaalamu anayeihifadhi vizuri, usiianike juani, usimchanje kuku aliye mgonjwa, na urudie kwa ratiba uliyopewa. Kuiharibu kwa uzembe ni kuidharau kazi ya Muumba.