Dinari Mbili za Msamaria

Somo: Luka 10:25–37



Habari ya Msamaria mwema tumeisikia tangu tulipokuwa watoto wa shule ya Jumapili. Kila mmoja wetu anaweza kuisimulia: mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi, kuhani aliyepita kando, Mlawi aliyepita kando, kisha Msamaria aliyesimama. Twakumbuka mafuta, divai na punda. Hapo wengi wetu huishia. Lakini Bwana Yesu hakuishia hapo. Alieleza pia jambo lililotokea asubuhi yake. Msamaria alitoa dinari mbili, akampa mwenye nyumba ya wageni, akamkabidhi yule majeruhi, tena akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi.

Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja. Msamaria alikuwa na safari yake, hakuweza kukaa. Kwa hiyo huruma yake ilihitaji mtu wa pili, mtu wa kubaki na majeruhi siku baada ya siku. Na kazi ya mtu huyo wa pili ilikuwa na gharama. Leo tumtafakari mtu huyu wa pili, maana tumemsahau.

Hapa kwetu Moshi mtu huyo ni nani? Mmojawapo ni ofisa wa ustawi wa jamii. Mtoto akikutwa analala stendi ya mabasi, huyu ndiye anayetafuta kwao ni wapi na kwa nini alikimbia. Mzee akilazwa hospitali bila ndugu wala fedha, huyu ndiye anayechunguza hali yake ili isemwe kweli kama aweza kulipa au hawezi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa wajibu wa kufuatilia mtoto anayeteswa au kutelekezwa, na mahakama husubiri taarifa yake kabla ya kuamua mtoto aishi na nani. Kazi hii haitoshelezwi na moyo mwema peke yake. Husomewa. Sisi tuliofundisha miaka mingi twalijua hilo kwa majuto: mara ngapi tulimwuliza mtoto mbele ya darasa zima alama za fimbo mgongoni mwake zimetoka wapi, akatujibu kwamba alianguka! Tulimpenda, lakini hatukujua kuuliza.

Sasa, nani humlipia anayejifunza kuuliza? Chuo cha Taifa cha Ustawi wa Jamii kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, na leo ndicho Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Kijitonyama, Dar es Salaam. Enzi zile mwanafunzi wa chuo cha Serikali aligharamiwa na Serikali. Sisi wenyewe tulioingia chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulipewa chakula, kitanda na waranti ya usafiri. Wazazi wetu walitununulia sanduku la bati na shuka, basi. Tulisomeshwa na jasho la taifa, na jasho hilo lilikuwa pamoja na kahawa ya mlima huu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja sera ya kuchangia gharama, na mzazi akaanza kutafuta ada. Kisha ikatungwa sheria ya mwaka 2004 iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ikaanza kazi mwaka 2005. Tumshukuru Mungu kwa hilo, maana vijana wengi wa mitaa yetu wamesoma shahada kwa mikopo hiyo. Mzigo wake nao twaujua. Mwaka 2016 makato ya marejesho yalipandishwa kutoka asilimia 8 ya mshahara hadi 15. Mwaka 2021 wakopaji walipata nafuu, tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilipofutwa.

Lakini wengi wanaoingia katika kazi hii huanzia ngazi ya cheti na stashahada. Katika mwaka wa masomo 2023/2024 Serikali ilipopanua mikopo kwa wanafunzi wa stashahada, ilitaja maeneo ya kipaumbele: afya, elimu ya ufundi, usafirishaji, nishati, madini, kilimo na mifugo. Ni maeneo mema yote. Ustawi wa jamii haukutajwa kuwa mojawapo. Miongozo hubadilika, na vijana wetu wausome kwa makini mwongozo wa mwaka wao. Hata hivyo, twaona jinsi ilivyo rahisi kumsahau mwenye nyumba ya wageni.

Ndugu zetu, tusiinyoshee Serikali kidole kabla ya kuungama. Miaka michache iliyopita binti mmoja wa mtaa wetu, aliyelelewa na bibi yake huko juu mlimani, alipata nafasi ya kusoma stashahada ya ustawi wa jamii. Alikuja mbele yetu wazee wa kanisa na barua yake mkononi. Tuliisoma, tukamsifu, tukamwombea, kisha tukamwambia asubiri. Mmoja wetu alisema kwamba ingekuwa udaktari tungemchangia. Huo ustawi ni kazi gani? Wala hakuna aliyempinga. Jumapili iyo hiyo ziligawanywa kadi za mchango wa harusi, na ahadi zikatimia mapema. Tarehe ya kuripoti chuoni ikapita. Leo binti huyo anauza ndizi sokoni. Kuuza ndizi si aibu, maana wengi wetu tulivaa sare za shule zilizotokana na mikungu ya mama zetu. Aibu ni yetu. Kila tupitapo hutuamkia, "Shikamoo, Mwalimu," nasi tukiitikia marahaba, macho yetu hutazama chini.

Kuhani na Mlawi hawakumpiga yule mtu. Walipita tu. Nasi tulipita, tena baada ya kuomba.

Basi tufanye nini? Twapendekeza kwa Halmashauri ya Mtaa jambo moja dogo: Mfuko wa Dinari Mbili. Kila mwenye kipato atoe pato la siku mbili kwa mwaka. Mwenye mshahara atoe wa siku mbili, mwenye duka faida ya siku mbili, na mama wa ndizi kadiri ya siku zake mbili. Ada ipelekwe moja kwa moja chuoni, na stakabadhi isomwe kanisani. Tuwaanzie wa cheti na stashahada. Tena tukumbuke kile kitakachozidi: mwanafunzi huyu hupelekwa kufanya mazoezi ya kazi, naye huhitaji nauli, chumba na chakula. Wala tusiulize kama ni Mwanglikana, Mlutheri, Mkatoliki au Mwislamu, kwa sababu Msamaria hakumwuliza majeruhi dini yake.

Wako watakaosema kwamba wafadhili wapo. Mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tuliona jinsi kazi nyingi za kuwahudumia wagonjwa na yatima zilivyotikisika. Mgeni akitusaidia tushukuru, lakini mtoto anayelala stendi ni jirani yetu, si jirani wa Washington.

Mfuko wetu hautaondoa wajibu wa Serikali, na tuendelee kuikumbusha kwa heshima. Lakini Msamaria hakungoja barabara ya Yeriko ipewe ulinzi ndipo afungue mkoba wake.

Na yule binti? Hajapita umri wa kusoma. Safari hii si yeye wa kuja kwetu na barua. Ni sisi wa kwenda sokoni kwake, kumwomba radhi kwanza, kisha kumwuliza kama bado anatamani. Tukikuta moyo umeshapoa, tutakuwa tumejifunza bei ya kuchelewa. Tukikuta bado una moto, dinari za kwanza ni zake.

Bwana atujalie mikono isiyochelewa. Amina.