Je, Kisichopungua Kina Bei?

Watu wengine husema: Aibaye mbuzi humwacha mwenyewe bila mbuzi, bali anakiliye wimbo katika intaneti hampunguzii mtu kitu, basi alipe nini?

Hoja hii ni dhaifu. Abiria ajifichaye ndani ya basi lenye nafasi hampunguzii mtu kiti, walakini nauli ni deni juu yake. Maana malipo ni ujira wa kazi, si fidia ya kilichopungua.

Mwaka 2003 Apple ilianza kuuza nyimbo huko Marekani, kila mmoja senti 99. Mwaka 2007 kundi la Radiohead la Uingereza liliwaachia wasikilizaji wajipangie bei ya nyimbo zake mpya, hata bure. Asiyelipa hapo hakudhulumu, kwani aliruhusiwa.

Basi, ndugu msomaji, kusamehe bei ni haki ya mwenye jasho, si ya mwenye kutaka.